Ensete Haioti Uholanzi

Emdibir, 9 Januari 1996

Mdogo wangu Degife,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa watu hadi ng'ombe. Tarehe nimeiandika kwa hesabu ya huko uliko. Hapa kwetu, kwa kalenda yetu, bado ni mwaka wa 1988, na sitaki uje useme barua ya dada yako imekaa njiani miaka minane. Mwandiko usiucheke. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi ukiwa darasa la nne, ukinichapa vidole kwa kijiti kila nikikosea, na mimi nikikuvumilia kwa sababu Mama alikuwa amekwisha kufa na hukuwa na mtu mwingine wa kumsumbua.

Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana tumeila juzi. Shemeji yako Nida ameteguka mguu akimfukuza jogoo. Jogoo ameliwa, mguu bado umevimba. Wubit binti yetu ameshika nafasi ya pili darasani na amelia siku nzima kwa nini si ya kwanza, na tabia hiyo hakuitoa kwa baba yake. Chama chetu cha siagi kinaendelea, kila wiki wanawake wanamchangia mmoja wetu, ila jirani yetu Bi Zeritu haji tena. Ni mambo ya majirani, usiyatie kichwani.

Sasa nililotaka kusema. Nimekutana na rafiki yako Teka sokoni. Anasema kile kituo cha utafiti anakofanya kazi kinatafuta daktari wa magonjwa ya mimea, na kwamba wakitafuta sana watakuta ni wewe. Nimemwambia wewe una akili zako. Mimi sikuiti na wala sikukatazi. Ila kila Jumamosi watu wananiuliza, "Daktari anarudi lini?" Nawajibu, "Akimaliza." Wananiuliza akimaliza nini, maana cheti ulipata mwaka juzi, na hapo nawauliza habari za watoto wao.

Bustani ya Mama ipo. Usisahau kula.

Dada yako,
Askalech


Uholanzi, 2 Februari 1996

Dada Askalech, mama yangu wa pili,

Mimi mzima wa mwili. Mpe pole shemeji, mwambie jogoo hufukuzwa na watoto. Mwambie Wubit kwamba wa pili ndiye anayejua kusoma, wa kwanza anajua kukariri. Huku barafu imefunika kila kitu na nimeanguka na baiskeli mara mbili mbele ya wanafunzi wangu. Wana adabu, walijifanya hawajaona, na hilo liliniuma zaidi.

Kazini wamebandika jina langu mlangoni, na chini yake mtu amechora mgomba usio na ndizi. Nimechoka kuwaeleza kwamba ensete hatuingojei izae ndizi, kwamba tunakula shina lake na kiazi chake cha chini, na kwamba nyumba yenye bustani ya ensete haijui njaa. Wanatikisa kichwa kwa heshima. Halafu wananiuliza, "Na ladha yake ikoje?" Naanza kueleza mkate wa kocho, mate yananijaa, naacha.

Dada, Profesa van Loon ameniita ofisini. Wananipa mkataba wa miaka mitatu, na ukiisha unaweza kuongezwa. Kuanza ni Oktoba, na kusaini ni kabla ya mwisho wa Juni.

Unaniambia kituo kinanitafuta. Mimi niliwaandikia Agosti mwaka jana, kabla hata sijaja kuwasalimu, wakanyamaza. Novemba nikaandika tena, nikajibiwa kwamba faili langu halina picha. Nikatuma picha. Sasa wamesema picha ni ya rangi na fomu inataka nyeusi na nyeupe. Teka mwenyewe alirudi na elimu kunizidi, wakampa hadubini isiyo na balbu, na hadi leo anaahidiwa balbu. Kazi yake kubwa ni kuandika taarifa za semina alizohudhuria mkubwa wake. Huku nina hadubini tatu na ensete moja, imo ndani ya nyumba ya vioo, imefika kiunoni na imekataa kuendelea. Huko ensete ziko hadi mlangoni na balbu hakuna. Niambie mwenye akili achague nini.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Huku nikisema sijui, wanasema vizuri, basi tutafute. Huko nikisema sijui, watasema tulimsomesha wa nini. Mimi ugonjwa huu wa mnyauko wa ensete nimeusoma miaka saba, Dada, na neno ninalolisema mara nyingi kuliko yote ni sijui.

Naomba kitu kimoja. Nitumie orodha ya ensete za Mama, aina zote arobaini na moja, kama ulivyonitajia kwenye sikukuu ya Msalaba, Meskel, nilipokuja, ipi imekomaa na ipi bado. Nataka ziingie katika makala yangu, na jina la Mama liandikwe humo.

Mdogo wako,
Degife


Emdibir, 18 Machi 1996

Mdogo wangu,

Barua imefika na baridi yake, nimeishika nikadhani bahasha imelowa. Sisi tumo kwenye mfungo, hakuna nyama, hakuna maziwa, na Nida amekuwa mkali kwa sababu ya njaa, ingawa anasema ni mguu. Wubit amefurahi mno kwa maneno yako, sasa hataki tena kuwa wa kwanza, na mwalimu wake amekuja kuniuliza nani amemharibu. Chakula kipo. Tumenunua kocho ya sokoni, ina mchanga, lakini inalika.

Nimekaa na habari ya mkataba wako wiki nzima, na ushauri wangu ni huu: saini. Ukija huku utagombana na watu wa faili, utapewa kiti na meza, utanenepa, baada ya miaka mitano utakuwa unaandika taarifa za semina kama Teka. Mama hakutuacha wawili ili mmoja wetu akae kwenye kiti. Saini, fanya kazi yako mahali wanapokupa vifaa. Mtu anaweza kuwapenda watu wake akiwa mbali.

Na Meskel ya mwaka huu usihangaike kuja. Safari ni ndefu na wewe una kazi nyingi. Tutakuwekea fungu lako la nyama, ataila Nida.

Orodha nitakutumia nikipata nafasi.

Askalech


Uholanzi, 9 Aprili 1996

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, barafu imeyeyuka, baiskeli imenizoea.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Wewe ndiye uliyempelekea salamu binamu yetu Addis Ababa kwamba asipokuja Meskel asijihesabu kuwa ndugu. Mtu wa kwetu anayeuza soksi barabarani hufunga virago Septemba akaja, mwenye duka hufunga duka akaja, na aliyefilisika hukopa suti akaja. Mwaka jana ulinifanya nipande ndege mbili na lori moja. Leo unaniambia safari ni ndefu. Safari hiyo imerefuka lini?

Na tangu lini nyumba yenye ensete aina arobaini na moja inanunua kocho sokoni?

Nani anaumwa? Ni mguu wa Nida? Ni wewe? Umenipa ushauri mzuri, hata Profesa hakunishawishi vizuri hivyo, na ndiyo maana siuamini. Wewe huwa hunishauri, unaniamuru au unanitania. Nimemwandikia Teka apite nyumbani. Tafadhali usimfukuze, na umwandalie kahawa, maana anapenda kunywa vikombe vitatu.

Degife


Uholanzi, 28 Mei 1996

Dada yangu,

Sijapata jibu lako, na sasa najua kwa nini. Teka ameandika.

Anasema ulimkaribisha kahawa nje, kwenye majani mbele ya nyumba, ukamketisha akiwa ameipa nyumba mgongo. Alipoomba maji ya kunawa ndipo akazunguka nyuma. Anasema hakuna bustani. Kuna mashimo na majivu, na ensete chache zimesimama mbalimbali. Alikuuliza ugonjwa ulianzia wapi, ukamwonyesha mstari wa karibu na mlango. Alikuuliza ulianza lini, ukasema wiki chache baada ya Meskel. Akakuuliza uliingiaje, ukamwambia kahawa yake inapoa.

Teka hajui alichoniandikia. Kwake ni taarifa tu. Mimi nilipofika kwenye maneno "mstari wa karibu na mlango" niliiweka barua mezani nikatoka nje.

Nakumbuka siku ile. Ilikuwa keshokutwa yake ni Meskel. Bi Zeritu alikuwa na ensete tatu zilizonyauka kwake, nami nilitaka sampuli za kuja nazo huku. Nilichomoa kisu cha Mama ukutani, mlangoni pale, nikaenda kwa Zeritu, nikakata shina, ute wa njano ukatoka kama ulivyo kwenye vitabu. Nilifurahi, Dada. Mtu mwingine anaona msiba, mimi nilifurahi kwamba sampuli ni nzuri. Nikafunga vipande kwenye karatasi, nikarudi, nikanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, nikakirudisha kisu ukutani.

Nilinawa mikono. Huku tunakatia kwa wembe, na kila ukikata mara moja unautupa, na kuna mtu anayekuja kubeba zilizotupwa. Miaka saba sijawahi kukiwaza kisu baada ya kukata. Nimeandika kurasa mia mbili kuhusu jinsi ugonjwa unavyosafiri kwa ubapa wa kisu, na ukurasa wa kwanza unasema hivyo hivyo, kisha nikakitundika.

Niambie. Ni mimi?

Mkataba sijasaini.

Degife


Emdibir, 26 Juni 1996

Degife,

Wote wazima. Mvua imeanza kunyesha kwa nguvu, njia imekuwa tope, na barua hii ataibeba Teka hadi posta. Nimeanza kuiandika mara nne.

Ni wewe. Na ni mimi.

Kila mwanamke hapa anajua kwamba kisu kikitoka bustani ya mtu kinapita motoni kabla hakijarudi kwao. Msichana hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kusuka nywele. Wewe hukufundishwa, kwa sababu kisu kile si cha mwanamume kushika, na kwa sababu Mama hakupata kuwaza kwamba mwanawe wa kiume atakuwa daktari wa ensete. Basi siku ile nilikuwa mlangoni na birika la kahawa mkononi, nikakuona unakitundika. Nilikuona kabisa. Moyo ukaniambia sema. Kisha nikajiambia, huyu ndiye aliyesomea ugonjwa huu huu, labda amekipaka dawa ya huko wasiyoiona watu kama mimi. Wageni walikuwa wamejaa uwanjani, wote wanakuita Daktari. Ningeanzaje kumwambia Daktari akapitishe kisu motoni? Niliona aibu kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Kesho yake asubuhi nikachukua kisu kile kile, nikapita mstari hadi mstari nikikata majani ya kuandalia nyama ya sikukuu. Mkono uliokata ni huu unaoandika.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililonifanya nisikujibu.

Majani yalipoanza kunyauka, wanawake walikuja kunipa pole, wakasema ni Zeritu. Yeye ndiye aliyekuwa na ugonjwa kwake, basi lazima alipita kwangu na kisu chake, labda kwa wivu. Mimi nilinyamaza. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Tangu Desemba Zeritu haitwi kunywa kahawa, haitwi kwenye siagi, na binti yake alipojifungua hakuna aliyekwenda kumpikia uji wa uzazi. Mimi nilikwenda hadi kwenye uzio wake nikiwa na bakuli, nikasikia mtoto analia ndani, nikarudi. Uji tukaunywa sisi nyumbani. Nilikuwa nalinda jina lako. Nilijiambia Zeritu ni mtu mmoja na ana wanawe wa kumtetea, na Daktari wetu tunaye mmoja tu. Sasa unajua kwa nini nilitaka ubaki huko. Ukiwa mbali, hakuna wa kukuuliza.

Ulitaka orodha. Thelathini na saba zimekufa. Kila moja iliponyauka niliipigia mstari wa mkaa kwenye ukuta wa zizi, na jina lake, na wiki yake, kwa zile herufi zako. Nne zimebaki. Mbili ziko juu kule karibu na mlima, kisu hakikuzifikia. Mbili nyingine nilizikata majani siku ile ile, kwa kisu kile kile, na zimesimama katikati ya mashimo bila jani moja la njano. Ni zile mbili Mama alizokuja nazo alipoolewa. Maana yake siijui, nakuandikia kama ilivyo.

Usije kwa sababu ya haya. Mtu akirudi kwao kwa ajili ya kosa, kosa ndilo litakalokuwa linamwamsha kila asubuhi. Saini karatasi ya watu.

Askalech


Uholanzi, 16 Julai 1996

Dada yangu,

Nashukuru umeandika. Nimelia, kisha nimekasirika nawe, kisha nimekasirika na mimi, kisha nimelala, na leo ndiyo naandika.

Kuhusu zile ensete mbili: unajua ulichoniandikia? Huenda ni bahati tu. Huenda kisu kilikuwa kimekwisha kujipangusa kilipozifikia. Lakini zilikuwa katikati, umesema, na zilizofuata zilikufa. Hakuna maabara inayoweza kuniambia ni nini. Inabidi mtu akae nazo, azichipushe, azikate kwa makusudi, asubiri, aulize wanawake wengine kama wanazo, mwaka baada ya mwaka. Hili nalisema kwa moyo mweupe. Hata kama nisingekuwa nimetenda lolote, swali hili liko huko, na mimi niko huku na ensete ya kiunoni. Muda wa kusaini umepita, ila nimemwomba Profesa aningoje hadi mwisho wa Agosti. Hakufurahi, lakini amekubali.

Ila kabla ya swali hilo kuna Bi Zeritu. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi nyingine. Waite wanawake wote wa chama cha siagi, na yeye awepo, amekaa, kisha isomwe kwa sauti. Kama wewe huwezi, asome Wubit. Nimeandika hivi:

"Mama zangu na dada zangu. Mimi Degife mwana wa Bezabih ndiye niliyeingiza ugonjwa kwenye bustani ya mama yangu. Nilikwenda na kisu kwa Bi Zeritu, nikakata ensete yake yenye ugonjwa, nikakirudisha kisu bila kukipitisha motoni. Bi Zeritu hakuingia kwetu na hana kosa lolote. Mimi ni msomi wa ugonjwa huu na nilifanya kosa ambalo binti wa miaka minane hapo kwetu asingelifanya. Dada yangu alijua akanyamaza kwa ajili yangu. Mkimkasirikia yeye, nikasirikieni na mimi. Bi Zeritu, naomba radhi."

Usifute neno, Dada. Najua utataka kufuta lile linalokuhusu wewe au yale yanayonihusu mimi. Usifute hata moja.

Degife


Emdibir, 18 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Nida amepona, anatembea anajisifu. Wubit amekuwa mrefu kunipita begani. Mvua bado.

Sikufuta neno. Kwanza nilikwenda kwa Zeritu peke yangu, na siagi. Alikuwa anakwangua shina la ensete, hakuinua kichwa.

"Umepotea njia?" akaniuliza.

"Sijapotea."

"Basi umekosea nyumba. Hii ni ya mchawi."

Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, maana hakunipa pa kukaa. Akaendelea kukwangua. Nilipomaliza akasema, "Na siagi hiyo ni ya nini? Ya mjukuu wangu? Mjukuu wangu sasa anatambaa, Askalech. Uji wa uzazi umechelewa." Nikamwomba aje Jumapili. Akasema ataangalia. Jumapili akaja wa kwanza, amevaa shuka lake jeupe la kanisani, akakaa katikati kabisa.

Nilianza kusoma mwenyewe. Nilipofika kwenye jina lako nikaishusha karatasi, Wubit akanipokonya akasoma yote, tena kwa sauti ya darasani, kila neno linasikika. Alipomaliza kahawa ilichemka ikamwagika na hakuna aliyeiondoa. Kisha yule bibi mkubwa wa chama, unamjua, asiyesikia vizuri, akauliza, "Kwa hiyo Daktari alinawa mikono?" Akaambiwa ndiyo. "Kwa sabuni?" Ndiyo. "Hadi kwenye viwiko?" Hapo mmoja akacheka, akafuata mwingine, wakacheka hadi kushikana mabega, Degife, walikucheka kama hujawahi kuchekwa. Wawili walikuwa wanacheka na kulia pamoja, wakaenda kumshika Zeritu miguu. Yeye hakucheka.

Alinigeukia mimi kwanza. "Wewe nitakusamehe polepole," akasema. "Ulikuwa hapa. Ulikuwa unaniona napita kwenda kuchota maji peke yangu." Nikasema ndiyo. "Usinihimize." Nikasema sitakuhimiza.

Kisha akawaambia wote: "Mabwana wa kituo wamekuja hapa mara ngapi? Wanashuka kwenye gari, wanatuonyesha picha za ensete zetu wenyewe, wanajua kila kitu, wanaondoka. Mimi sijawahi kumsikia hata mmoja akisema amekosea. Huyu wa Bezabih amekosea na amesema. Mwandikieni aje. Na akija aanzie kwangu, zile ensete tatu alizozikuta zimenyauka sijui zilikufa kwa nini na sijui kwenye mashimo yake nipande nini."

Nimekuandikia kama alivyosema. Mimi bado siwezi kukuambia njoo, wala baki. Nilikuambia baki mara moja, na unajua sababu ilikuwa mbaya. Nitasema la kwangu tu: nimechoka kukuandikia. Nataka kukusema ukiwa umekaa mbele yangu.

Askalech


Uholanzi, 3 Septemba 1996

Dada Askalech,

Nimemwambia Profesa hapana. Aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia sina, akanipa mkono. Wenzangu wameninunulia koti zuri la mvua. Wengine wanadhani nimepewa cheo kikubwa nyumbani, na sikuwasahihisha, maana ukweli ni kwamba kituo bado kinangoja picha. Teka anasema nitaketi kwenye ofisi yake, kiti tutatumia kwa zamu. Nimemnunulia balbu mbili.

Usiwaambie watu kwamba nimekuja kuokoa chochote. Kuna wenzangu wa kwetu wanne hapa wanaobaki, wazuri kunizidi, na sitaki mtu yeyote awaseme. Mmoja ana mtoto anayehitaji daktari kila wiki. Mwingine alirudi kwao mara moja na kilichompata hataki hata kukisimulia. Mimi nimeona tu kwamba kazi yangu iko Emdibir. Nikishindwa, nitashindwa nikiwa nayo karibu.

Naogopa, Dada. Kiti cha zamu hakinitishi, wala kuchekwa. Namwogopa Bi Zeritu. Nitafika siku tano kabla ya Meskel kwa lori la mchana. Usije kunipokea barabarani na usimtume Wubit. Nitashuka na mzigo wangu niende kwake kwanza. Asiponifungulia nitakaa mlangoni kwake mpaka afungue, na nyumbani nitakuja baada ya hapo.

Degife